Sentimeta 84 za Fundi

Kawetele, huku Tukuyu, hakuna anayezunguka na barabara kama shamba la migomba linapitika. Ukitumwa sokoni, unakata katikati ya shamba la mtu, unamwambia "Ugonile", naye anakuitikia bila kuuliza unatafuta nini kwake. Mlimani tabia hii inaokoa miguu. Balaa huanza fundi umeme anapoingia nayo ukutani.

Nyumba ya baba mdogo ilisukwa nyaya na fundi wa bei poa. Kutoka soketi ya televisheni, iliyo juu, hadi soketi ya pasi, iliyo chini, ni mita 3 kwenda pembeni na mita 1 kushuka. Fundi mwenye adabu angetumia mita 4 za bomba. Huyu alichonga tofali kimshazari, akatumia mita 3 na sentimeta 16, akapiga plasta, akalipwa, akaondoka na sentimeta 84 zake. Pythagoras angempa mkono. Ila Pythagoras hakuwahi kupigilia msumari sebuleni kwa mama mdogo.

Mama mdogo alitaka kutundika picha ya harusi. Kwa akili zake timamu akachagua mahali pasipo na soketi wala swichi, juu, chini wala ubavuni. Msumari ulipozama tu, ukuta ukajibu: paa! Cheche, kisha giza nyumba nzima, maana taa na soketi zote zilikuwa kwenye breka moja. Huko nako fundi alibana matumizi. Mungu bariki mpini wa mti wa nyundo, kwani volti 230 hazina shemeji. Baba mdogo akakimbilia mita ya Luku: yuniti zipo. Nikachungulia kwa jirani: taa zinawaka, na jirani naye anatuchungulia sisi.

Safari hii aliitwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Alitueleza kwamba waya ukutani hutoka kwenye soketi au swichi ukienda wima au mlalo, ili mwenye nyundo aukisie kwa macho. La sivyo, ujibanze ndani ya sentimeta 15 kutoka darini au kwenye kona ya kuta mbili. Ndivyo kanuni za Uingereza, BS 7671, zinavyotaka kwa waya uliofukiwa kina kisichofika sentimeta 5. Bomba la plastiki, alisema, halimzuii msumari. Akapitisha nyaya upya, akatenganisha breka za taa na soketi, akafunga na kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme mara unapovuja, kwani mvua za Tukuyu hazijui kuta za nani. Kabla ya plasta akaweka futi ukutani, akapiga picha njia zote za nyaya.

Baba mdogo akaipokea picha ile kwa furaha, akatangaza kwamba sasa hakuna tena la kuogopa kwenye kuta zake.

"Na bomba la maji la bafuni," mama mdogo akauliza, "limepita wapi?"

Baba mdogo akakohoa. Mabomba alifunga yule yule wa mwanzo; alipunguza bei kwa kupewa kazi zote mbili.