Sifa za Sanduku Kaidi

Simu imesifiwa ikatosha. Hata kamera ndogo za kidijitali, zile zinazopiga picha ishirini kabla hujamaliza kukohoa, zina watu wa kuzipigia debe. Leo zamu ni ya jitu lililosahauliwa: kamera ya mbao ya kukunjwa, ya filamu bapa ya inchi nne kwa tano, ambayo mtu mwenye akili timamu anayeishi kati ya Ruiru na Thika hana sababu yoyote ya kuinunua. Mimi ninayo, na nimejitolea kuwa wakili wake bila malipo.

Niieleze kidogo, maana wengi hawajaionja. Mbele kuna fremu inayoshika lenzi, nyuma fremu yenye kioo cha ukungu, na katikati ngozi ya mikunjo inayovutwa na kurudishwa kama kodiani ya mwomboko. Haina betri. Haina mahali pa kukuonyesha ulichopiga. Unajifunika shuka jeusi, unaitazama dunia kwenye kile kioo, nayo dunia iko miguu juu, na kushoto kumehamia kulia. Ukiridhika unaifunga lenzi, unachomeka kasha la filamu, unavuta kifuniko chake, unafyatua, unarudisha kifuniko. Hapo umepata picha moja. Kasha lina filamu mbili tu, moja kila upande, kwa hivyo baada ya picha ya pili unaanza kuwaza kama hiyo ya kwanza ilikuwa na maana.

Uzito ndio sifa yake kuu, na ndio unaopaswa kuongoza anayechagua. Mnunuzi mgeni huanza kwa kulinganisha majina. Ataambiwa Linhof Technika ya Ujerumani ni ya chuma, haitikisiki, lakini inakaribia kilo tatu. Ataambiwa Chamonix ya China, ya mbao na nyuzi za kaboni, ni nusu ya hapo. Ataambiwa Intrepid, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2014, hutengenezwa kwa plaiwudi na haiumizi mfuko sana. Yote ni kweli, na yote hayasaidii, kwa sababu kamera yenyewe si shida ya begi. Kuna tripodi. Kuna lenzi mbili au tatu, kila moja na kibao chake. Kuna makasha, kipima mwanga, shuka, na lenzi ndogo ya kukagulia kioo. Mtu aliyejinyima ili kupunguza gramu mia tano za mbao atazikuta zimemngoja kwenye chupa ya maji.

Kwetu mwamuzi wa uzito si mizani, ni konda. Simama steji ya Ruiru ungoje gari la 237 linaloelekea Thika. Konda hatazami chapa ya Ujerumani wala ya China. Anatazama begi, anatazama magoti yako, halafu anatoa hukumu: "Mzee, hiyo pakata, ama ilipie kiti." Kamera inayopakatika bila kuziba njia ni ya mandhari, isiyopakatika ni ya studio. Sijasoma mwongozo wowote uliotenganisha aina hizo mbili kwa ufupi huo.

Wakongwe wa kazi hii hawakupakata chochote. Vittorio Sella, Mwitaliano aliyepiga picha za vilele vya Rwenzori mwaka 1906 akiwa katika msafara wa Duke wa Abruzzi, hakupanda na mzigo wote mgongoni. William Young, aliyepiga picha za Reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, alifanya kazi enzi ambayo picha ilikuwa kipande cha kioo, na vioo havijibebi. Picha zao zinasifiwa mpaka leo. Waliobeba masanduku hawakuandikwa majina. Waingereza walikuwa hata na matoleo maalumu ya nchi za joto, ya mti wa msaji yaliyofungwa kwa shaba, ili unyevu na wadudu wa kwetu wasiachanishe maungio. Wadudu waliwafikiria. Bega hawakulifikiria, kwa vile halikuwa lao. Ndiyo maana naisifu kamera hii ilipofikia sasa: mpagazi na mpiga picha wamekuwa mtu mmoja, na kila lalamiko linamfika mhusika papo hapo.

Sifa inayofuata ni kwamba haijifichi. Mwenye simu anaweza kuchukua sura ya mtu akijifanya anasoma ujumbe. Ukiwa na sanduku hili huwezi kumwibia picha hata jongoo, maana kabla hujamaliza kulikunjua umeshazungukwa na watoto wa shule, mwendesha bodaboda na mzee mmoja anayetoa ushauri. Na ukishaingia chini ya shuka, wewe ndiye wa kutazamwa. Niliwahi kuisimamisha karibu na kivuko cha miguu pale Ruiru, nikielekeza lenzi kwenye barabara kuu ya Thika, ile iliyozinduliwa mwaka 2012 na kutufanya tuamini foleni zimekwisha. Begi nililiacha karibu na mama aliyekuwa akichoma mahindi.

"Mama, niangalizie."

"Nakuangalizia. Lakini huko ndani unapika nini?"

Nilimpisha aone. Akajifunika, akanyamaza. Kwenye kioo, lami ilikuwa juu na mawingu chini, na matatu zilikuwa zikipita upande usio wao, moja baada ya nyingine, bila kelele za honi kuonekana popote. "Ngai! Na hazianguki!" akasema kutoka ndani. Wateja wawili wakaja wakaondoka. Alipotoka, mahindi matatu yalikuwa yameungua upande mmoja, nami nikayanunua yote, kwani kamera yangu ndiyo iliyoyachoma. Hebu nitajie kamera ya laki tatu yenye uwezo wa kuchoma mahindi.

Lakini ushahidi wangu mzito uko ng'ambo ya mji wa Thika, kwenye barabara ya Garissa, ambako mashamba ya mananasi yamejipanga mistari kwa mistari kuelekea Kilimambogo. Kwenye ramani mlima huo huandikwa Ol Donyo Sabuk, mita 2,145, na asubuhi isiyo na ukungu unaonekana mzima. Nilitaka nanasi lililo miguuni pangu lionekane kila mwiba, na mlima nao uonekane kila mkunjo. Kamera ya kawaida itakwambia uchague kimoja, au uibane lenzi mpaka picha ianze kupoteza makali. Sanduku kaidi halichagui. Unalegeza skrubu mbili, unaiinamisha lenzi mbele nyuzi chache tu, halafu unatazama kioo kwa makini. Eneo la ukali, ambalo kwa kawaida husimama wima mbele yako, linalala. Linafuata mistari ya mananasi kutoka kwenye kiatu chako hadi chini ya mlima. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo likitokea chini ya shuka, mtu hutamani kumwita jirani.

Nikiwa katika kulegeza na kukaza, bodaboda ikasimama nyuma yangu.

"Habari ya kazi, mzee. Hapa mnapima?"

"Napiga picha."

"Ya nini?"

"Ya mlima."

Akautazama mlima, ambao umekuwa hapo tangu azaliwe, akautazama mguu wa tripodi, akanirudia mimi. "Sawa. Lakini kama ploti zinakatwa, tuambie mapema."

Usimcheke. Katika nchi hii ya ploti za hamsini kwa mia, ambako kati ya Ruiru na Juja kila mti wa mkalitusi unaweza kuamka kesho na bango la broka, chombo chenye miguu mitatu ni habari nzito. Kwa mmoja ni utajiri unakuja, kwa mwingine ni tingatinga. Nimewahi kuombwa na mama mmoja nimwonyeshe bikoni yake ilipo. Nilipomwambia sijui, akaondoka akiamini nimenunuliwa na jirani.

Tena yule kijana wa bodaboda alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani. Kanuni ile ya kuinamisha lenzi inabeba jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria, aliyeisajili hataza yake mwaka 1904. Huyu hakuwa na haja na mananasi wala machweo. Alichotaka ni kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani kwenye baluni, ili zitumike kuchora ramani. Kwa hivyo ule ujanja wangu wa kisanaa, niliojivunia mbele ya mlima, ni ujanja wa seveya. Sanduku hili lina undugu na wapima ardhi, na kijana aliuona undugu huo kwa kutazama mara moja tu, bila kusoma chochote.

Nije kwenye maji. Maporomoko ya Chania yako pale Blue Posts, hoteli iliyoanza mwaka 1908, na ukitaka picha ya kupendeza bila kuhangaika, nenda hapo, unywe na chai. Anayetaka kuijaribu kamera aende Fourteen Falls kwenye Mto Athi. Athi huo hufika huko ukiwa umepokea maji ya mito ya Nairobi pamoja na kila kilichotupwa ndani yake, na pua yako itakuarifu kabla ya macho. Sasa, filamu ina tabia moja: mwanga ukipungua, nayo inachoka. Jioni ukipima sekunde kumi, hulazimika kutoa karibu ishirini. Katika muda huo maji yote yanageuka hariri nyeupe, povu la sabuni linakuwa ukungu wa kimahaba, na mtu wa mbali akiona picha ataulizia nauli. Hapo utasema kamera ni mwongo. Subiri. Filamu hiyo ina eneo zaidi ya mara kumi ya filamu ndogo ya kawaida, na kisichosogea haikisamehi. Maji yametoroka ndani ya hariri, lakini chupa ya plastiki iliyokwama mwambani imebaki, imenyooka, na ukiikuza picha unaona hata mikunjo ya kifuniko chake. Sijakutana na afisa wa mazingira mwenye macho hayo.

Gharama nitaipitia haraka, kwa sababu mke wangu husoma magazeti. Filamu haiuzwi Thika wala Ruiru. Huja na jamaa anayerudi kutoka ng'ambo, ikiwa katikati ya soksi. Kila ukifyatua unasikia pesa ikitoka, na sauti hiyo ni mwalimu mzuri kuliko semina.

Kuipakia filamu kunahitaji giza lisilo na tundu. Kwa kuwa sina chumba cha giza, nangoja stima ipotee usiku, kisha naingia bafuni na kuweka taulo chini ya mlango. Mtaa mzima unapopiga kelele za masikitiko, mimi pekee nashukuru. Vidole vinatafuta vijino vilivyokatwa kwenye kona ya filamu. Vikiwa juu kulia, upande wa kupokea mwanga unakutazama. Kila kukicha watu wanalalamikia giza, ilhali kumbe ni malighafi.

Na ikiharibika? Simu ikizima ubao wake wa ndani, umezika. Hii yangu ngozi ilipotoboka, fundi viatu aliiziba kwa kiraka na gundi, akaniuliza kwa nini kiatu hiki hakina soli. Kibao cha lenzi nilichongewa na seremala wa hapa Ruiru kutoka kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kabati la mtu. Shata ndogo ya aina ya Copal inataka tundu la milimita 34.6. Nilimwandikia hivyo hivyo, na nukta yake. Aliisoma karatasi, akaniangalia, akauliza kama hiyo nukta sita naidai kweli au ni ya kuringa tu. Tulikubaliana thelathini na tano, na lenzi imekaa.

Basi ukiniuliza uchague ipi, nitakwambia: ya inchi nne kwa tano, ya mbao, ya kukunjwa, iliyotumika, yenye mikwaruzo ya kutosha kumfanya mwizi akuhurumie. Ila nakiri kuna ya inchi nane kwa kumi, ambayo filamu yake ni mara nne ya yangu, na kioo chake kikubwa kiasi kwamba mama wa mahindi angeona hata waliokaa madirishani. Hiyo konda hawezi kuipakia hata kwa viti viwili. Nimeshaanza kuulizia, kwa wale wauza maji wa Kimbo, punda mmoja huuzwa bei gani.