Mavyaa na Shati la Jua

Wifi yangu husafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani, na wageni wakiondoka humwachia hiki na kile: kandambili, mafuta yaliyobaki nusu chupa, vitabu vya lugha zisizosomeka. Safari hii Mjerumani mmoja alimwachia shati. Jepesi kama utando wa kitunguu, la samawati, mikono mirefu, kola ya kusimama, na shingoni limeandikwa UPF 50+. Akalileta Munje kwa mamake, maana bamvua likifika mavyaa humpati nyumbani. Yuko mwambani na kijiti chake anachokoa pweza.

Na bamvua la huku lina ukorofi wake. Maji hujaa alfajiri na alasiri, hukauka kabisa kwenye saa nne na saa tano za asubuhi. Kwa hivyo wanawake huingia mwambani jua likipanda, hurudi likiwa utosini. Miaka yote mavyaa amepambana nalo kwa liwa usoni, dera, shati kuukuu la marehemu bavyaa juu ya dera, na leso jozi nzima, moja kiunoni na moja kichwani. Nguo zote hizo ni za pamba, na zikilowa ni mzigo.

Akaniuliza lile andiko la shingoni lasema nini.

"Mama, katika sehemu 50 za miale ya urujuanimno, inayopenya haizidi moja. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba hupenyeza moja katika kila tano au saba, na ikilowa ni zaidi."

"Nani kapima?"

"Waaustralia na wenzao wa New Zealand ndio walioweka kipimo, 1996."

"Na huko pweza wako?"

"Wako."

Jibu hilo lilimridhisha kuliko hesabu yote.

Niliporudi kisimani nilimkuta na sindano. Ncha za mikono ya shati zilikuwa na matundu, naye kwa huruma alikuwa ameyaziba. Kumbe ni ya kupitishia vidole gumba, nguo ifunike mgongo wa kiganja, pale hasa jua linapomla mtu aliyeshika kijiti. Mgongoni nako palikuwa na mwanya wenye wavu ndani. Huo pia akaushona, imara, kwa uzi wa nyavu. Wifi alipopiga simu jioni akamwambia ule ulikuwa mlango wa upepo. "Basi upepo utafute mlango mwingine," akajibu. "Mgongo wangu si baraza."

Kesho yake alirudi saa saba, karai kalibana kiunoni badala ya kulitwika. Kulitwika hakuweza. Shati lile lilikatwa kwa mwanamke mwenye mikono ya kushika kitabu. Ya mavyaa ni mikono iliyotwanga na kulima tangu ujana. Likiwa kavu liliingia kwa taabu. Lilipolowa liligandama.

"Mwanangu, nivue."

Mkaza mwana amvue mavyaa! Nikafumba macho nikavuta. Shati likapanda hadi kichwani, likakwama hapo, mikono yake juu, uso haupo, sauti inatoka ndani ya samawati. Nikamwita jirani. Jirani akashauri mkasi. "Mkasi usiniguse shati!" ikasema ile sauti. Hapo ndipo baba watoto alipopiga hodi uani, na mgeni nyuma yake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Rudi ufukoni!"

Alirudi, na mgeni wake, na chakula kikachelewa hadi alasiri.

Shati likapelekwa Msambweni kwa fundi mzee wa kanzu. Hakuuliza kifua wala kiuno. Alimwambia mavyaa alivae juu ya dera, kisha ajifanye anatua karai kichwani. Mikono ilipofika masikioni, shati zima lilipanda hadi juu ya kitovu. Fundi akacheka. Kanzu, alisema, ina kikwapa chini ya mkono na taharizi ubavuni, ndiyo maana mtu anarukuu na kusujudu bila nguo kumkaba. Hawa wa mashati ya michezo wamekitegemea kitambaa kivutike.

Nami nikaona ubaya mwingine. Kitambaa kikivutika, vijitundu vya mfumo wake hupanuka na jua hupata njia. Shati linalombana mtu mabegani halina tena ile 50 iliyoandikwa shingoni. Wauzaji husifu kitambaa. Kipimo cha kwapa hawakitaji.

Fundi akafumua ushoni wote wa mavyaa, matundu ya vidole yakarudi, upepo ukapewa mlango wake, kisha akatia vikwapa na taharizi za kipande cha leso nyekundu. Wifi akalalamika: pamba haina kinga kama ile.

"Jua linapiga kwapani?" fundi akauliza.

Siku hizi mavyaa hutwika karai lake na shati mwilini, na wifi ameagizwa awatazame wageni mabega kabla hajawaomba kitu. Baba watoto aliliomba akavulie akanyimwa. Ujira ndio ulioleta maneno. Fundi alikataa pesa, akataka pweza mzima. Mavyaa akamkatia minyiri minne, miwili kwa kila kwapa.