Sauti Nyuma ya Trela

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, bosi wetu ameona haya kuwa na simu ya kawaida. Ofisi nzima, inayowauzia wakulima mbegu, mbolea na dawa za mifugo, ikahamishiwa simu za intaneti. Alituambia zitatupunguzia gharama za mazungumzo. Kweli zimepunguza, maana mazungumzo yenyewe hayapo.

Mkulima anapiga kutoka Molo: "Kijana, niwekee mifuko ...ini ya mbolea."

"Mingapi, mzee?"

"...ini!"

Hapo chagua mwenyewe kuanzia ishirini hadi tisini. Mzee anapaza sauti, nami napaza yangu, hadi wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wanajua nani anapanda nini. Mwishowe nampigia kwa rununu yangu, kwa salio langu.

Ukilalamika, bosi anailaumu bahari. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya maji, intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki nzima, naye akajipatia kisingizio cha maisha. Nyaya zilitengenezwa zamani, lakini ofisini kwetu bado zimekatika, hasa saa nne asubuhi anapotazama marudio ya mechi.

Tukamwita fundi, kijana wa Kiamunyi. Alitazama rauta, akacheka. Simu moja, alisema, inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi kwa pamoja hazifikishi hata megabiti moja, na sisi tunalipia megabiti za kumwaga. Ila sauti hukatwa vipande 50 kila sekunde, na kila kipande lazima kifike kwa zamu yake. Kikichelewa kinatupwa, kwa sababu nani anataka "ishi" imfikie baada ya "rini"? Mechi hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele. Watu wanaozungumza hawana akiba. Sauti ikizidi milisekunde 150 njiani, mnaanza kukatizana maneno kama wabunge.

Msafiri wa barabara ya Nairobi hahitaji hata michoro kuelewa hili. Sauti ni Probox iliyokwama nyuma ya trela zinazopanda Kinungi: haidai barabara nzima, inaomba kupishwa tu. Trela zetu nazijua kwa majina. Kuna kamera za ulinzi zinazopakia picha za lango usiku na mchana, ingawa lango halijawahi kufanya lolote. Kuna kompyuta ya mhasibu inayotuma nakala za hesabu saa zile zile wateja wanapopiga. Hizo zinaziba njia ya kutoka, ndipo mkulima hanisikii. Njia ya kuingia imezibwa na mechi ya bosi pamoja na vijana wa bodaboda wa hapo nje, ambao nywila ya WiFi yetu wanaijua kuliko mimi, ndipo nami simsikii mkulima.

Fundi akapanga mambo. Sauti itangulie kila kitu. Nakala za hesabu ziende usiku. Wageni wapewe WiFi yao, yenye kikomo. Kisha akapunguza kasi ya rauta kidogo chini ya ile tunayolipia, ili foleni ifanyike kwetu, tunakoweza kuipanga, badala ya kufanyika kwenye mtambo wa kampuni ambako hatuna usemi.

Mchana huo nilisikia "thelathini na tano" yote, mwanzo hadi mwisho. Karibu nimpe mzee wa Molo mfuko wa bure.

Lakini mechi ya bosi ikakwamakwama mara mbili. Akauliza ni nani aliyeharibu intaneti. Fundi akaagizwa arudishe mambo yalivyokuwa, na bosi akanunua kifurushi kikubwa zaidi. Barabara ikapanuka, trela zikaita jamaa zao: sasa kamera zinapakia picha angavu zaidi, za lango lile lile.

Wateja wameendelea kulalamika, na hatimaye bosi amekubali kwamba kuna tatizo. Kesho ameitisha mkutano wa kulijadili. Yeye atakuwa Naivasha, kwa hiyo tutakutana kwa video, kila mtu kwenye kompyuta yake, kamera zikiwa wazi, saa nne kamili asubuhi.

Mzee wa Molo, ukisoma haya, tuma ujumbe mfupi.