Waraka kwa Mkurugenzi wa Anga: Rubani Huyu Kafundishwa na Nani?

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Kinshasa.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Kasomeno, Katanga, njia ya Kasenga. Sisi huku kazi yenu tunaiona kwa kuinua macho: helikopta ikipita kuelekea nyanda za Kundelungu, watoto huacha mpira wakaipungia mikono. Nina maswali mawili kwako, nayo nayauliza kwa heshima zote. Anayeiendesha kafundishwa na nani, na nani alimpima mara ya mwisho?

Helikopta ikianguka katika nchi zetu, jibu hutolewa kabla moshi haujatulia: hali mbaya ya hewa, au kosa la rubani. Jibu hilo linawafaa wote isipokuwa marehemu. Ukungu haushitakiwi, na rubani aliyekufa hajitetei.

Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta nne za jeshi la Uganda zilikuwa safarini kwenda Somalia. Tatu, aina ya Mi-24, zikaangukia Mlima Kenya. Ya nne, Mi-17, ikatua Garissa salama. Ukishaambiwa hivyo huwezi kuulaumu mlima ukanyamaza. Lazima uulize nani alichagua njia, na marubani wale walikuwa wamezoezwa kiasi gani kuvuka milima mirefu yenye mawingu.

Wala si jambo la Afrika peke yake. Helikopta iliyomuua Kobe Bryant na wenzake wanane, Januari 2020, iliendeshwa na rubani mwenye saa zaidi ya 8,000 angani. Aliingia mawinguni, akamwambia mwongoza ndege kwamba anapanda hadi futi 4,000. Wakati anasema hivyo, chombo kilikuwa kinashuka huku kikipinda kushoto. Ndani ya wingu mwili humdanganya mtu. Humwambia yuko sawa naye amelala upande. Dawa yake ni kuamini vipimo vya chombo na kukana hisia zako mwenyewe, na hilo mtu halipati bila kufanyishwa mazoezi tena na tena, mwaka hata mwaka.

Sasa tazama kanuni za kimataifa. Leseni ya rubani wa helikopta za biashara inataka saa 150 za kuruka, au 100 kwa aliyepitia chuo kilichoidhinishwa. Katika hizo, saa za kufundishwa kutumia vipimo ni 10. Kumi tu! Na hicho ndicho kiwango cha chini, Mheshimiwa. Huku kwetu Septemba moshi wa nyasi zinazochomwa hufunika pori zima, na Novemba mvua zimeshafika. Uwanja wetu wa ndege wa Luano uko kwenye mita kama 1,300 juu ya bahari. Joto la Oktoba likipanda, hewa huwa nyepesi na chombo kilichojazwa hakinyanyuki kama kawaida. Injini ikizimika, rubani ana sekunde moja au mbili za kushusha usukani wa mkono wa kushoto ili pangaboi liendelee kuzunguka kwa upepo wa kushuka. Asiyezoea atakuwa bado anajiuliza kuna nini.

Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umeyafungia mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Congo. Sababu iliyotolewa ni udhaifu wa usimamizi wa serikali. Vyeti hivyo vina saini ya ofisi yako, na watu wa Katanga hatuna ofisi nyingine ya kukimbilia.

Wakenya walipompoteza Waziri George Saitoti na wenzake watano katika helikopta ya polisi, Juni 2012, iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, ikaketi hadharani, mashahidi wakasikika. Congo nayo inastahili kusikia.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu. Ripoti ya kila ajali itolewe kwa umma, iseme saa za rubani, chuo chake na tarehe ya mtihani wake wa mwisho. Na kila rubani wa helikopta anayebeba watu apimwe kila mwaka kuruka kwa vipimo, akishindwa asiruke. Wenye migodi wanaokodi helikopta hizi nao waonyeshwe matokeo kabla ya kutia saini mkataba.

Nangoja jibu lako kwa maandishi, nami nitalisoma mbele ya watu wa Kasomeno.