Hili Linawaka Taa Saba

"Haliuzwi, na kama lingeuzwa ni laki mbili na nusu." Hayo niliambiwa Jumamosi hii Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na mama mmoja ambaye wigi lake lilikuwa mkononi mwangu. Kichwa chake bado kilikuwa ndani ya wigi hilo.

Naomba nijitetee. Idi inakaribia. Binti wa dada yangu ana miaka mitano, haoni tangu azaliwe, na mjomba hawezi kwenda mikono mitupu. Muuzaji alinipokea vizuri, akanitolea gari. "Hili linawaka taa saba, kaka." Nikamwambia mtoto mwenyewe haoni. Akatikisa kichwa kwa huruma, akawaza, akaingia stoo, akarudi na gari jingine. "Basi chukua hili. Taa kumi na mbili."

Hapo nikaona bora nijichagulie. Sasa, kitu cha kuchezewa na mkono hakichaguliwi kwa jicho. Jicho lina kiherehere: linasifia rangi kabla mkono haujatoa maoni. Nikafumba macho katikati ya duka, nikaanza kupapasa rafu kutoka kushoto. Pakiti ya wanyama. Ngoma. Kitu chenye manyoya ambacho sikukielewa. Kisha nikafika kwenye nywele. Laini, zimechanwa zikachanika, zinanukia mafuta ya nazi kwa mbali. Nikasema kwa sauti ya mteja aliyeridhika, "Huyu ndiye. Ana nguo za kubadilisha?"

Mlinzi wa duka la pili alifika na rungu, akauliza aliyeibiwa ni nani. Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu anarekodi. Nikaeleza kwamba nilikuwa najaribu kuwa kipofu, na maelezo hayo hayakunisaidia hata kidogo. Mzee mwenye kanzu aliyekuwa akinunua mpira akanihurumia. "Mwacheni, ni saumu hiyo imempanda. Magharibi atapona." Muuzaji alikuwa amekalia boksi la midoli, machozi yanamtoka kwa kicheko. Yule mama, tumpe haki yake, alinisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha wigi, kisha akauliza swali ambalo bado linaniuma kuliko ile video: "Sasa kama haoni, mdoli wa nini?"

Wa kumbeba, mama. Wa kumsuka, kumvalisha, kumgombeza na kumlaza. Hakuna hata kimoja hapo kinachodai macho.

Ule mkono wangu uliofedheheka ulirudi na elimu. Wale wanyama wa pakiti, kwa mfano. Tembo, simba, kifaru na ng'ombe wote ni plastiki ileile ngumu, miguu minne ileile, na ule mshono wa kiwandani unaopita mgongoni mpaka tumboni. Kuku ana kimo cha tembo. Anayefaulu mtihani ni twiga peke yake. Mtoto anayeona hujaziliza kwa picha na runinga. Anayejua dunia kwa viganja ataamini alichopewa. Punda milia bila macho ni punda tu.

Nilinunua mpira wenye njuga, na hapa nivumilieni, maana jambo hili linaninyima usingizi. Njuga zikiwa ndani, mpira ukiviringika sikio linajua unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa kasi gani. Kuna mchezo mzima wa hivyo, goliboli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Toka mwaka 1976 unashindaniwa kwenye Paralimpiki. Kila upande watu watatu, wote wamezibwa macho ili anayeona kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Mpira una uzito wa kilo moja na robo, na wanaulalia sakafuni kuuzuia kwa mwili mzima. Watazamaji wanatakiwa kunyamaza mpira unapochezwa. Jaribu kuwapa masharti hayo mashabiki wa Simba na Yanga.

Lakini goliboli ina waamuzi wa kuurudisha mpira. Sebuleni kwa dada yangu hakuna. Njuga hulia mpira unapotembea; ukisimama, zinanyamaza, yaani zinanyamaza wakati uleule mtoto anapoanza kuutafuta. Ipo mipira yenye betri ambayo hulia hata ikiwa imetulia, ila sokoni kwetu sikuikuta. Dawa niliyoipata ni kuacha kutafuta mpira wenye akili na kutafuta mahali penye ukingo. Weka mpira kwenye sinia la pilau: unagonga ukingo, bati linalia, unarudi wenyewe. Hata ule mpira wa chandimu, wa nailoni zilizofungwa kamba, huchakacha njia nzima bila njuga wala betri. Bahati mbaya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mpira bora kwa asiyeona sasa unahitaji malighafi ya magendo.

Zawadi nyingine nilizompelekea hazikudumu. Kitabu kinachoongea kiliongea Kichina mpaka betri ikaisha. Ngoma ilifichwa na majirani.

Kilichoshinda vyote kilikuwa uvunguni mwa kitanda cha babu yake: bao. Mashimo 32, kete 64, na kila kete inakaa pale ulipoiacha. Hajui bado kunamua wala kutakata, lakini anagawa kete moja moja huku akihesabu, na babu ameanza kulalamika kwamba akiba yake inapapaswa.

Lakini ucheshi una mwisho. Sioni sababu ya bao la uvunguni kuwa msaada pekee. Kampuni ya LEGO ya Denmark ilitoa matofali yenye herufi za nukta nundu mwaka 2020, na mwaka 2023 ikaanza kuyauza kwa kila mtu, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa hiyo inawezekana. Wanaoleta makontena ya magari ya taa saba wangeweza kutafutia nafasi boksi moja la vitu vya mkono, nao hawajaitafuta kwa sababu wanaamini mtoto asiyeona hachezi, anasubiri tu kuhurumiwa.

Na sisi ndugu hatuna nafuu. Kila sikukuu mtoto huyu analetewa redio. Ana redio za kufungulia duka. Mleta redio akishaingia anamgeukia mama yake: "Maskini, anapenda nini huyu?" Anauliza hivyo mbele ya mtoto mwenye masikio mazima na mdomo usiopumzika, anayeweza kumjibu kwa nusu saa bila kumeza mate.

Kwa hiyo, ndugu mtakaokwenda kwake Idi hii: redio ziacheni dukani. Mkishavua viatu msalimieni yeye, kwa jina lake, kisha mumuulize mwenyewe anataka nini. Mkifanikiwa kumsikiliza akamaliza, pelekeni hicho.