Nauli na Sarafu Isiyo na Noti

Mkazi wa Dar es Salaam aliyeazimia kwenda Maskati, ambaye mshahara wake ni shilingi na deni lake la dukani ni shilingi, hadi mwaka 2025 alikuwa akitanabahi afikapo kwa wakala wa tikiti kwamba angani hupandwa kwa dola. Na alipothubutu kuuliza sababu, alijibiwa kwa taadhima, kidole cha karani kikigonga kioo cha kompyuta, kuwa ndiyo kanuni.

Na kanuni ipo, tusiwadhulumu. Mashirika ya ndege, kupitia jumuiya yao iitwayo IATA, yalijibunia mwaka 1989 kipimo cha kukokotolea nauli kiitwacho NUC, ambacho hakina noti wala senti, hakijapata kutiwa mfukoni na mwanadamu yeyote, hakipendelei taifa lolote, na ambacho, kwa sadfa ya ajabu, thamani yake ni dola moja kamili ya Marekani.

Kisha twaambiwa kuwa nauli hufuata sarafu ya nchi safari ianzapo, jambo la insafu kabisa, ila kwamba nchi ambazo fedha yake haijawaridhisha wakubwa hao hupangiwa dola, hata ikawa aanzaye London hutajiwa pauni, aanzaye Maskati hutajiwa riali, nasi tuanzao kwetu tulikuwa tukitajiwa karatasi zenye sura za marais wa watu wengine. Aliyeshikilia kulipa kwa shilingi hakukatazwa, la hasha: alibadilishiwa papo hapo, kwa kiwango asichoulizwa, nayo benki yake, ikinusa tu harufu ya ng'ambo, ilikata ada yake kimyakimya.