Ulinzi wa Taifa, Tawi la Hewani

Juni 2024 Rais Ruto aliwakabidhi bendera polisi 400 wa kwanza waliokuwa wakienda Haiti kupambana na magenge. Hongera, utu haujali bahari. Hapa Hewani, jirani na Garsen, mvamizi wetu haendi mbali: kiboko hutoka mto Tana usiku, akala mpunga akashiba, akarudi majini kabla ya adhana ya alfajiri. Kikosi cha kumkabili ni mzee mmoja, debe tupu na kijinga cha moto. Basi uchaguzi wa 2027 vyama vikija kutusomea sera za ulinzi na mambo ya nje, viulizeni: sisi tumo ndani ya mipaka, au maombi yetu tuyapitishe ubalozini?